UZI: Umepangiwa Sayansi ya Wanyama na hujui inaelekea wapi? Tuzungumze kazi ya utafiti wa lishe ya mifugo

MalishoKwanza (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu wakuu.

Kila majina ya waliochaguliwa vyuoni yakitoka, naona vijana humu wanaandika kwa unyonge: niliomba udaktari wa binadamu, nimeangukia Sayansi ya Wanyama pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro), niahirishe mwaka au niende tu? Mimi ni mtu wa lishe ya mifugo. Nafundisha, nafanya utafiti, nasimamia wanafunzi wa uzamili. Maswali yanayonifikia faraghani yanafanana, kwa hiyo nimeona niyajibu hapa kwa wote.

Tuanze na tatizo lenyewe, maana ndilo linaloifanya hii kazi iwe na thamani. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ni kati ya nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika. Wengi wao wanaishi kwa malisho ya asili, na malisho ya asili yana msimu. Masika majani ni machanga, laini, protini ipo. Mvua ikikata majani yanakomaa, nyuzinyuzi zinaongezeka na protini inaporomoka. Anayemeng'enya majani yale si ng'ombe mwenyewe, ni vijidudu vilivyomo kwenye tumbo lake la kwanza, na vijidudu hivyo vinahitaji nitrojeni ili vizaliane na kufanya kazi. Protini ya malisho ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya uzito mkavu, vijidudu vinazidiwa, majani yanakaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa, ng'ombe anajisikia ameshiba na anaacha kula. Ndiyo maana unamkuta amesimama katikati ya majani makavu yanayomfika magotini na mbavu zinahesabika.

Dume aliyenenepa hadi Mei anapoteza uzito hadi Novemba, mvua ikirudi anaanza kufidia alichopoteza. Anafika mnadani akiwa na miaka mitano, sita, hata zaidi. Miaka yote hiyo amekula, amekunywa, amechungwa, amepigwa chanjo. Sehemu kubwa ya alichokula imeishia kumweka hai tu.

Sasa mtafiti wa lishe anauliza: katika eneo hili, kwa mfugaji huyu mwenye uwezo huu, ni chakula gani kinaweza kuziba pengo la kiangazi bila kumtia hasara na bila kuharibu ardhi? Hilo ndilo swali. Mengine yote, maabara, takwimu, safari, machapisho, yanalitumikia.

Niwaonyeshe kazi ya maabara, kwa sababu wengi hamjaiona. Umeleta majani kutoka shambani kwenye mifuko ya karatasi. Unayakausha kwenye oveni kwa joto la nyuzi 60 na kidogo, unayasaga yapite kwenye chekeche la milimita 1. Unapima gramu chache, unaweka kwenye mrija na asidi ya salfa na kichocheo, unachemsha chini ya kofia ya kutolea moshi. Mchanganyiko unaanza mweusi tii, unakuwa kahawia, halafu unatakata hadi kubaki maji yanayong'aa. Hapo nitrojeni yote imeachiliwa. Unaigeuza iwe amonia, unaikusanya kwenye asidi ya boriki, rangi inageuka kijani, kisha unadondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi irudi. Tone moja la ziada na sampuli hiyo unarudia. Ukipata nitrojeni asilimia 0.8, unazidisha kwa 6.25, unapata protini asilimia 5. Umeshajua kwamba ng'ombe wa eneo lile wana njaa hata kama nyika imejaa majani. Namba hiyo ndogo inabeba maisha ya kaya nzima, na mimi mpaka leo naiheshimu.

Kuhusu ngazi za kazi: vyuoni unaanzia Mkufunzi Msaidizi ukiwa na shahada ya kwanza, Mhadhiri Msaidizi ukiwa na uzamili, Mhadhiri ukipata uzamivu, halafu Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Kwa hapa nyumbani GPA (wastani wa alama zako za chuo) inaangaliwa sana. Kwa kawaida wanataka 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Ukishuka chini ya hapo mlango wa kufundisha unakuwa mgumu, ila wa utafiti bado upo: TALIRI, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, ina vituo Mpwapwa, Kongwa, Tanga, Mabuki, Uyole, Naliendele na West Kilimanjaro. Tena Mpwapwa ni mahali penye historia nzito. Aina ya ng'ombe wa Mpwapwa ilitengenezwa pale kwa kuchanganya damu ya ng'ombe wetu wa asili na ya ng'ombe wa Asia kama Sahiwal na Red Sindhi.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kadiri ninavyopata nafasi.

---

Kijana_wa_Kibaigwa

Shikamoo mkuu. Mimi ndiye huyo uliyemwandika. Nimesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nimepangiwa SUA, mzee nyumbani ananiambia "umesoma yote hayo ukachunge ng'ombe?" Naomba kujua, nikishaingia nifanye nini tofauti na wenzangu ili nifike huko kwenye utafiti?

---

MalishoKwanza

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufaulu. Mzee usibishane naye, muda utamjibu.

Mwaka wa kwanza shika kemia. Najua mnaichukia, lakini lishe ni kemia inayotembea kwa miguu minne. Biokemia ikikupita, kozi za lishe za baadaye utakuwa unakariri bila kuelewa. Mwaka wa pili shika takwimu, na ujifunze programu ya R mapema. Haina malipo, na data ya majaribio ya mifugo haisameheki: mnyama mmoja unampima mara nyingi, wanyama wa boma moja wanafanana, kwa hiyo huwezi kuchukua wastani na kukimbia. Mhitimu wa shahada ya kwanza anayejua kupanga jaribio na kuchambua data yake mwenyewe, maprofesa wanamgombania.

Mafunzo kwa vitendo usiyafanyie mahali pa kusaini daftari tu. Omba maabara ya uchambuzi wa vyakula, omba kituo cha TALIRI, omba ranchi. Na ukae boma moja kwa wiki kadhaa ukiangalia mchungaji anafanya nini. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa masika ili majani yabaki akiba ya kiangazi. Wamasai wana alalili. Mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulirudisha mamia ya maelfu ya hekta kwa kuanzia kwenye ngitili hiyo hiyo ambayo wazee walikuwa nayo tangu zamani. Mtafiti anayefika pale na mbegu za majani mapya bila kujua ngitili ni nini atapoteza miaka yake na fedha za watu.

---

Chui wa Ruaha

Mkuu heshima yako, ila mimi nina hoja ngumu kidogo. Hizi habari za "ufugaji endelevu" na methani, ile gesi ya ng'ombe inayosemwa inaongeza joto la dunia, naona ni ajenda ya wenzetu wa Ulaya. Wao wana viwanda na ndege, sisi tunaambiwa ng'ombe wetu wanacheua sana. Leo msomi wetu anakwenda kupima cheuo cha ng'ombe wa Simanjiro wakati mtoto pale hana maziwa. Nani anafaidika?

---

MalishoKwanza

Mkuu Chui, hoja yako ni ya haki na nitaijibu kwa namba, siyo kwa maneno matamu.

Methani inatengenezwa na vijidudu tumboni wakati wa kuvunja nyuzinyuzi, na ng'ombe anaitoa kwa kucheua. Makadirio yanayotumiwa kimataifa ni kwamba karibu asilimia 6.5 ya nishati yote aliyokula inatoka hivyo. Kwa mfugaji hiyo ni sehemu ya majani yake inayopotea hewani kabla haijawa nyama wala maziwa. Hata kama dunia isingekuwa na tatizo la tabianchi, mtu wa lishe angeitafuta hasara hiyo.

Tupige hesabu. Ng'ombe wa asili wa kilo 250 hivi, tuseme anakula kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Kila kilo ina nishati ya megajuli 18.45, jumla ni 110.7. Asilimia 6.5 ya hiyo ni 7.2. Kilo moja ya methani ina megajuli 55.65, kwa hiyo anatoa gramu 129 kwa siku, sawa na kilo 47 kwa mwaka. Ng'ombe jike huyo akitoa lita 300 tu za maziwa kwa mwaka, kila lita imebeba gramu 157 za methani.

Sasa chukua ng'ombe chotara wa kilo 400 anayelishwa vizuri, kilo 12 kwa siku. Anatoa kilo 94 kwa mwaka, mara mbili ya yule. Lakini akitoa lita 2,400, kila lita ina gramu 39. Robo ya yule wa kwanza. Chakula kilichompa mtoto wa Simanjiro maziwa ndicho kilichopunguza methani kwa kila lita. Kwetu njia hizo mbili zinakwenda pamoja, na hapo ndipo nasimama.

Halafu kuna suala la nani anatupimia. Kwa miaka mingi ripoti za nchi zetu zimetumia namba ya jumla iliyowekwa na jopo la kimataifa la tabianchi: kilo 31 za methani kwa mwaka kwa ng'ombe asiye wa maziwa, Afrika yote na Mashariki ya Kati pamoja. Ng'ombe wa Kahama, wa Sudani na wa Yemeni, namba moja. Tusipopima wenyewe tutaendelea kuhesabiwa kwa kukadiriwa.

---

Mjaluo_wa_Ahero

Niongezee hapo kwa kupima. Mimi niko Kenya, nimefanya kazi kama msaidizi wa shambani kwenye tafiti za aina hii. Hapa Nyando watafiti wa ILRI (Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo) walizunguka kwa wafugaji wadogo msimu baada ya msimu, wakapima uzito wa ng'ombe, wakachukua malisho, wakakokotoa upya. Matokeo yalichapishwa 2018, na kwa baadhi ya makundi ya ng'ombe makadirio yalitoka chini ya ile namba ya jumla. Pia pale Nairobi ILRI wana vyumba maalumu vya kupimia: ng'ombe anaingia ndani, hewa inayoingia na inayotoka inapimwa. Kijana akipata nafasi ya kwenda kujifunza pale asiiache.

Na kusema kweli kazi ya shambani si ya ofisi. Mizani ya kupimia ng'ombe ni nzito, matope ya Nyando ni yale mnayoyajua, na mzee wa boma lazima kwanza akuulize wewe ni mtoto wa nani.

---

MalishoKwanza

Asante sana ndugu yangu wa Ahero. Hilo la "mtoto wa nani" ni sehemu ya utafiti. Usipojibu vizuri, mwaka unaofuata unakuta yule ng'ombe uliyemwekea hereni ya namba ameuzwa bila taarifa.

---

Chui wa Ruaha

Namba nimezielewa mkuu, ila umekwepa kitu. Ng'ombe mmoja aliyelishwa vizuri anatoa mara mbili. Mfugaji akilisha vizuri wote hamsini alionao, si jumla inapanda?

---

MalishoKwanza

Sijakwepa, na umeshika penyewe. Jumla inapanda, kama idadi ya ng'ombe inabaki ileile. Lita 2,400 za ng'ombe mmoja mzuri zingehitaji ng'ombe wanane wa lita 300, na wanane hao wanatoa kilo 378. Faida inapatikana pale mfugaji anapokubali kubaki na wachache wenye tija.

Na hapo lishe peke yake haitoshi. Ng'ombe ni benki, ni mahari, ni jembe la kukokota, ni bima ya mwaka wa ukame. Mwenye ng'ombe hamsini anajua ukame ukipiga atabaki na ishirini. Ukimwambia apunguze abaki na kumi na watano, unamwambia abaki na wangapi baada ya ukame? Kwa hiyo mtafiti mzuri wa lishe atajikuta anakaa meza moja na mchumi, mtu wa masoko, mtu wa ardhi. Chakula cha kiangazi chenye uhakika ndicho kinachompa mfugaji sababu ya kupunguza. Mpangilio uwe huo, siyo amri kwanza na chakula baadaye. Nimeona mikutano mingi ikianza na amri.

---

Mama Ndama Rungwe

Habari za jioni. Mimi ni mfugaji, nina ng'ombe wa maziwa watatu, wa kufungia ndani. Nalima mabingobingo, napika pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Wasomi wanakuja, wanapima, wanauliza maswali marefu, wanaondoka. Sijawahi kuletewa majibu. Baba, huo utafiti unaishia wapi?

---

MalishoKwanza

Shikamoo mama. Unaishia kwenye jarida la Kiingereza ambalo mara nyingi kulisoma ni kwa kulipia. Hiyo ndiyo hali, na inaniuma. Mfumo wa kupandishwa vyeo unahesabu machapisho. Hauhesabu mfugaji aliyebadili namna ya kulisha. Kijana anayeingia leo ajue hivyo, na aamue mapema kwamba matokeo yatarudi bomani kwa Kiswahili. Mimi wanafunzi wangu siwapitishii rasimu ya mwisho mpaka wawe wamerudi kijijini na karatasi moja yenye namba za kila aliyewapa sampuli.

Kwako wewe mama, mambo mawili ambayo utafiti umeyathibitisha siku nyingi. Mabingobingo usiyaache yapite urefu wa mita moja na kitu, yakikomaa unakata mabua matupu, protini imekwisha. Na mashudu na pumba angalia sana unyevu. Vikihifadhiwa na unyevu vinaota kuvu, na sumukuvu inapita kwenye damu ya ng'ombe hadi kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na kilichonuka uvundo usimpe hata ng'ombe asiyekamuliwa.

Kama una eneo la mpakani, panda miti ya jamii ya mikunde: kaliandra au lusina. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula, ina kemikali inayoitwa mimosini inayodhuru mnyama akila nyingi. Kisa chake kizuri sana: mtafiti mmoja wa Australia, Raymond Jones, aliona mbuzi wa Hawaii wanakula lusina bila kudhurika. Kumbe tumboni mwao kulikuwa na bakteria wa kuivunja sumu ile. Bakteria hao walihamishiwa kwa mifugo ya Australia, tatizo likapungua sana, na baadaye wakapewa jina lake, Synergistes jonesii. Mtu aliangalia mbuzi kwa makini, akauliza kwa nini.

---

Binti Paje

Naomba kuuliza kuhusu mwani. Huku kwetu Zanzibar akina mama wanalima mwani tangu mwisho wa miaka ya themanini. Nimesikia mwani unapunguza methani ya ng'ombe. Je, huu wetu unafaa? Bei ikipanda tutashukuru.

---

MalishoKwanza

Dada, swali zuri, na nisikupe matumaini ya bure. Mwani uliofanya maajabu unaitwa Asparagopsis, ni mwekundu, una kemikali ya bromofomu inayozuia vijidudu kutengeneza methani. Huu mnaolima, spinosamu na kotonii, unalimwa kwa ajili ya karajini inayotumika viwandani. Ni mwani tofauti, na haufanyi kazi hiyo.

Ila umenipa nafasi ya kumtaja mtu. Jaribio mashuhuri la Asparagopsis kwa maksai wa nyama lilichapishwa 2021 na kundi la Ermias Kebreab wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Ng'ombe 21 walifuatiliwa kwa siku 147, na kwa baadhi ya vyakula methani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Profesa huyo ni mzaliwa wa Eritrea. Alianzia Chuo Kikuu cha Asmara, akafanya uzamivu Reading, Uingereza, akafanya kazi Manitoba, Kanada, ndipo akaenda Davis. Vijana mnaodhani fani hii inaishia kuchunga, someni njia ya mtu huyo.

Hata hivyo dawa za namna hiyo, pamoja na 3-NOP, kemikali ya kupunguza methani ambayo Ulaya iliiruhusu 2022, zinataka mnyama anayelishwa kwenye hori kila siku. Ng'ombe anayetembea kilomita nyingi kufuata majani huwezi kumchanganyia kipimo asubuhi na jioni. Hilo ni pengo, na halitazibwa na maabara ya Ulaya. Mwanafunzi wa uzamivu anayetafuta mada, ipo hapo.

---

Kijana_wa_Kibaigwa

Mkuu nimeelewa sana, na mzee nimemsomea ile hesabu ya lita, amekaa kimya anawaza. Swali la mwisho: fedha. Uzamili na uzamivu nani ananilipia? Nyumbani uwezo haupo.

---

MalishoKwanza

Usijilipie uzamivu wa sayansi, mdogo wangu, isipokuwa huna njia nyingine kabisa. Uchambuzi wa maabara, usafiri na wanyama vinakula fedha kuliko ada.

Njia za kweli ni hizi. Kwanza mradi: profesa mwenye mradi ana bajeti ya wanafunzi, na anawachukua anaowajua. Ndiyo maana nilisema ukajitolee maabara. Pili, DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wanafadhili masomo ndani ya Afrika Mashariki, na RUFORUM yenye makao Kampala inaunganisha vyuo vya kilimo. Jumuiya ya Madola wana ufadhili wa Uingereza. Tatu, ukiwa tayari kwenye uzamivu, programu ya kimataifa ya CLIFF-GRADS imekuwa ikipeleka wanafunzi kwa miezi michache kwenye taasisi nyingine kujifunza upimaji wa gesi za mifugo na kilimo. Masharti yanabadilika, soma tangazo la mwaka husika.

Ukimwandikia profesa usimtumie ujumbe wa "naomba ufadhili". Soma chapisho lake moja, mwambie umeona nini ndani yake, mwambie una data gani au ujuzi gani, na swali gani unataka kulifuata. Aya tatu zinatosha. Ambatanisha matokeo yako ya masomo hata kama hajaomba. Asipojibu wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa heshima, kisha mwandikie mwingine.

Ukifika Morogoro nitumie ujumbe faraghani. Wiki za mwanzo wa muhula tunakausha majani ya kiangazi, na mikono ya kusaga sampuli haijawahi kutosha.